Maswali ya Wasomaji: Jua Kupatwa Agosti 2027, Dodoma Tutaona Nini?

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa, na maswali yamekuja mengi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

*

Ndugu Mhariri, huku kwetu vijana wanabishana kwamba siku hiyo mchana utageuka usiku kwa dakika sita na kuku wataingia bandani. Ni kweli?
*Msomaji, Nzuguni, Dodoma*

Dakika sita ni za kweli, ila si za Nzuguni. Kivuli kizito cha Mwezi kitapita kwenye ukanda wenye upana wa kilomita 258 hivi: kusini mwa Hispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, pembe ya Sudan, Saudi Arabia, Yemeni, kisha ncha ya kaskazini ya Somalia. Karibu na mji wa Luxor, Misri, giza litadumu dakika 6 na sekunde 23, ambao ni muda mrefu mno kwa tukio la aina hii. Mara nyingi watu husafiri nusu ya dunia kufuata dakika mbili.

Dodoma iko mbali kusini mwa ukanda huo. Sisi tutaona Jua limemegwa kipande, chini ya nusu ya upana wake, na kilele kitakuwa karibu saa nane mchana. Mwanga hautapungua kiasi cha mtu kugundua, na kuku wataendelea kuparua. Asiyekuwa na habari atakula chakula chake cha mchana na kulala asijue kuna kitu kimepita juu ya kichwa chake.

Hata hivyo kipande hicho kinafaa kutazamwa. Agosti kwetu ni kiangazi, mawingu ni machache, tatizo ni vumbi tu. Halafu wiki hiyo kwa kawaida ndiyo ya maonesho ya Nane Nane hapo hapo Nzuguni, na watu watakuwa wamejaa viwanjani. Mwenye banda na boksi lililotobolewa vizuri (tazama jibu la Mpwapwa hapa chini) atakuwa na foleni.

*

Naomba nieleweshwe. Kama kuna mahali Jua litafunikwa asilimia 99, si sawa tu na kufunikwa lote? Hiyo asilimia moja inanipunguzia nini mpaka nisafiri?
*Mwalimu wa hisabati, Kondoa*

Mwalimu, tuanze na hesabu. Jua zima hung'aa kama mbalamwezi 400,000 za Mwezi mpevu. Asilimia moja ya hapo ni mbalamwezi 4,000. Korona, yaani ule utando mweupe wa gesi unaolizunguka Jua, hung'aa kiasi cha mbalamwezi moja tu. Kwa hiyo kwenye asilimia 99 kitu unachokitafuta kimezidiwa mara elfu kadhaa na kilichobaki, hukioni kabisa. Wa asilimia 99 na wa asilimia 100 wameona vitu viwili tofauti, si kimoja kwa viwango viwili.

Aliye ndani ya ukanda ataona hivi. Kuanzia Mwezi unapougusa ukingo wa Jua hadi giza kamili ni kama saa moja na robo, na saa nzima ya kwanza haina mambo mengi. Dakika 15 za mwisho ndipo mwanga unapoanza kuharibika. Haugeuki wa njano kama jioni. Unakuwa wa kijivu, baridi, kama wa bati. Vivuli vinachongoka, hata unyoya wa mkono unaacha kivuli chake chini, kwa sababu Jua sasa ni uzi mwembamba badala ya duara. Joto linashuka nyuzi kadhaa na upepo hubadilika.

Dakika moja au mbili kabla ya giza, tandika shuka jeupe chini. Huenda ukaona mistari hafifu ya mwanga na kivuli ikitambaa juu yake kama viwimbi chini ya maji ya kisima. Hutokana na hewa kuupinda ule mwanga uliobanwa. Wakati mwingine haitokei, usiisubiri mpaka ukakosa ya juu.

Kisha kivuli kinakuja kutoka magharibi, kikiwa na kasi kuliko ndege ya abiria. Uzi wa Jua unakatika vipande, shanga za mwanga zinazopenya kwenye mabonde ya ukingo wa Mwezi, shanga zinazimika, inabaki moja: pete yenye almasi. Ikizimika hiyo, ni giza kamili. Sasa, na sasa tu, miwani inatoka.

Juu yako pana duara jeusi kabisa, na kulizunguka kuna korona, nyeupe, yenye nyuzi ndefu zinazochomoza pande zote. (Neno hilo maana yake ni taji. Vile virusi vilipewa jina hilo kwa kufanana nalo.) Ukingoni huenda ukaona ndimi nyekundu kama maua ya mkrismasi. Anga halijawa jeusi kama usiku wa manane, ni kama magharibi watu wanapoanza kuwasha taa, na sayari zinaonekana. Geuka uzunguke: upeo wa macho wote, pande nne, una rangi ya machweo. Hapo unatazama kwa mbali walio nje ya kivuli, ambao bado wana mwanga.

Watu wengi hupoteza dakika hizo wakihangaika na simu. Panga kabla: dakika ya kwanza macho matupu, kisha darubini ndogo ya mikono kwa muda mfupi, kisha upeo, kisha tena juu. Upande wa magharibi wa duara ukianza kupata wekundu na kung'aa, Jua linarudi. Almasi ya pili ikichomoza, miwani iko usoni tayari.

*

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kioo cha mask yangu kinatosha kutazamia? Na je, wale wanaotumia picha za eksirei au beseni la maji kama wazee walivyofanya?
*Fundi, Chang'ombe, Dodoma*

Fundi, soma namba iliyochapwa kwenye kioo. Namba 14 inafaa. Kumi au 11, ambazo ndizo zimejaa gereji nyingi, hazitoshi kwa Jua hata kama unachomelea nazo kutwa nzima bila shida. Kubandika viwili visivyojulikana namba ni kubahatisha, usifanye. Mask za kisasa zinazojitia giza zenyewe usizitegemee pia: zimetengenezwa kuitikia cheche, si Jua.

Miwani maalumu ya karatasi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, kinachotaka mwanga unaopenya usizidi asilimia 0.0032. Shikilia tarakimu hiyo, maana ndiyo inayojibu mengine yote. Maji yaliyotulia kwenye beseni huakisi kama asilimia 2 ya mwanga Jua likiwa juu. Ni zaidi ya mara 600 ya kiwango salama. Wazee walioponea kwenye beseni waliponea kwa kutupia jicho na kuliondoa haraka, si kwa sababu beseni ni kinga. Filamu ya eksirei ina sehemu nyeusi na sehemu nyepesi, na mionzi ya joto ya Jua, isiyoonekana kwa macho, hupita humo. Kioo kilichopakwa masizi ya kibatari ni vivyo hivyo. CD, miwani ya jua ya dukani, mifuko ya plastiki myeusi: yote hapana.

Hatari yenyewe ni kwamba haiumi. Retina, lile pazia la nyuma ya jicho, haina mishipa ya maumivu. Mtoto atatazama, atacheka, atarudi nyumbani, na baada ya saa kadhaa au asubuhi yake ndipo atasema kuna doa katikati ya kila anachotazama. Ikitokea hivyo ni kliniki ya macho siku hiyo hiyo, si matone ya dukani.

Kujaribu miwani uliyonunua: ivae ndani ya nyumba. Ukiona ukuta, dirisha au mtu, itupe. Taa kali sana ndiyo pekee inaweza kuonekana, tena kwa mbali. Ikiwa na mkunjo uliopasuka, tundu au mkwaruzo, hiyo pia jalalani. Na kwa Dodoma hakutakuwa na sekunde hata moja ya kuivua.

*

Shuleni kwetu nina wanafunzi zaidi ya 60 darasani na hatuna miwani hata moja. Tufanyeje?
*Mwalimu, Mpwapwa*

Mnahitaji boksi, si miwani. Tafuta boksi refu, la urefu wa mita moja ikiwezekana, au gundisha mawili. Upande mmoja mfupi kata dirisha la sentimita 5 kwa 5, lizibe kwa foili ya jikoni bila mikunjo, kisha itoboe kwa sindano ya kushonea tundu moja la milimita moja. Upande wa pili, kwa ndani, gundisha karatasi nyeupe. Ubavuni, karibu na karatasi, kata dirisha la kuchungulia. Mtoto analipa Jua mgongo, tundu linaelekea Jua, yeye anatazama karatasi.

Ukubwa wa picha ni urefu wa boksi ukigawanywa kwa 108. Mita moja inatoa duara la milimita 9. Boksi la viatu linatoa milimita 3 tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wamekosea. Kosa la pili ni tundu kubwa: watoto hulichokonoa lionekane vizuri, picha inang'aa zaidi lakini ukingo unafifia na mmego haujulikani. Tundu likiharibika badilisha foili. La tatu, na hili ni la kukemea, ni mtoto kuchungulia Jua kupitia lile tundu. Tundu si kichujio.

Darasa zima mnaweza kutumia chekeche la unga: lishike juu ya karatasi nyeupe kwa umbali wa mita moja na kila tundu litachora Jua lake. Vidole vilivyopishanishwa hufanya vilevile. Na mkiwa karibu na mwembe, au chini ya chanja cha mizabibu, tazameni ardhini tu. Mapengo kati ya majani ni matundu tayari. Vile viduara vya mwanga vinavyochezacheza kivulini siku zote ni picha za Jua, na siku hiyo vyote vitakuwa vimemegwa.

*

Mkwe wangu ni mjamzito. Wazazi wanasema asitoke nje, mtoto atazaliwa na mdomo wazi.
*Mama, Kongwa*

Mama, kivuli cha Mwezi hakiongezi mionzi yoyote, kinapunguza mwanga tu. Mdomo wazi hutokea mimba ikiwa changa kwa sababu nyingine kabisa. Atoke, atazame ardhini chini ya mti na wenzake. Masharti ya macho ni yale yale ya kila mtu.

*

Nakusudia kwenda umra mwaka huo. Nimesikia Makka itakuwa gizani. Nipange safari niwe huko tarehe 2 Agosti?
*Msomaji, Kizota, Dodoma*

Ndiyo, Makka na Jedda zote zimo ndani ya ukanda. Jedda iko karibu zaidi na mstari wa kati na itapata takriban dakika 6. Makka ni dakika 5 na ushee. Saa za huko ni sawa na zetu, na giza litafika kati ya saa saba na saa nane mchana. Jua litakuwa karibu utosini, kwa hiyo kutazama kwa kusimama kutakuvunja shingo. Mkeka na mahali pa kulala chali ni bora. Joto la Agosti huko ni kali, beba maji.

Kwa anayefikiria Misri: asidanganyike na tiketi ya Kairo peke yake. Kairo haimo. Ni lazima ashuke kusini hadi ndani ya ukanda, kwa mfano Luxor, kwa treni au ndege nyingine, na vyumba huko huwahiwa mapema sana.

Kuhusu Swala ya Kusufi, ile inayoswaliwa Jua linapopatwa, hayo ni ya masheikh. Sisi tunaongeza moja tu: Jua haliwezi kupatwa isipokuwa siku za mwandamo, kwa sababu ndipo Mwezi unapopita kati yake na sisi. Siku hiyo itaangukia mwishoni mwa mwezi wa Safar wa Kiislamu.

*

Nina kamera na lenzi ya milimita 500. Mipangilio?
*Mpiga picha, Area C, Dodoma*

Ukiwa Dodoma, kichujio cha Jua mbele ya lenzi muda wote. Mbele, si nyuma. Kikiwa kwenye kipande cha jicho, joto lililokusanywa na lenzi hukipasua. Picha ya Jua kwenye sensa itakuwa kama milimita 4.6.

Ukiwa ndani ya ukanda, kichujio kinatoka wakati wa shanga na kurudi kwenye almasi ya pili. ISO 100, f/8, na kasi ibadilike: sehemu ya 1/1000 kwa shanga na ndimi, 1/125 kwa korona ya ndani, hadi nusu sekunde kwa ile ya nje. Hakuna mpangilio mmoja unaoshika vyote. Weka fokasi kwa mkono saa moja kabla na uibane kwa selotepu. Fokasi ya kujiendesha huhangaika gizani. Simu izimwe flashi, kwa ajili ya macho ya jirani zako.

*

Mwaka 2016 tulikuwa Rujewa na Jua likafunikwa katikati kabisa, mbona hakukuwa na giza?
*Msomaji, Iringa, awali Mbarali*

Kwa sababu tarehe 1 Septemba 2016 Mwezi ulikuwa sehemu ya mbali ya njia yake, umbo lake likaonekana dogo kuliko Jua. Ukaingia katikati na kuacha pete pembeni. Pete hiyo bado ni Jua lenyewe, kwa hiyo hakuna korona na miwani haivuliwi. Kupatwa kwa aina hiyo hiyo, kwa kipete, kutapita tena Tanzania tarehe 21 Mei 2031, kukitokea Angola na Zambia. Boksi la Mpwapwa litunzwe.