Je, nami niache gari?

SWALI: Shikamoo dada. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa, natembelea magongo na naendesha gari la otomatiki kutoka Kimara hadi Posta. Ofisini wenzangu wanasema magari yapunguzwe mjini, sote tupande mabasi ya mwendokasi. Je, nikidai maegesho yangu ni ubinafsi? – Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ubinafsi uko wapi? Gari kwako ni gongo la tatu. Wenzio hawajakosea, ila wamemlenga asiyehusika.

Mimi natumia kiti mwendo. Juzi nilikwenda benki moja mjini. Maegesho yenye alama yetu yapo, rangi imefifia, na juu yake limekaa Prado, injini inanguruma, mwenyewe ndani anatafuna korosho. “Dakika mbili tu, mama.” Nikaegesha kwingine, mlango ukafunguka nusu, kiti hakikupita. Watu hudhani tunataka kuwa karibu na mlango wa benki. Tunachotaka hasa ni upana! Uingereza gari hupewa upana wa mita 2.4, kisha huachwa mita 1.2 pembeni ya kushushia kiti.

Huyo wa korosho ndiye wa kupanda basi. London ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 2003, na wenye kibali cha ulemavu wakisajiliwa hawatozwi. Kumbe yote mawili yanawezekana.

Na mwendokasi usiudharau. Tangu uanze 2016, sakafu ya kituo iko sawa na ya basi. Mara ya kwanza nilisukuma kiti nikaingia mwenyewe, mimi niliyezoea kubebwa na makonda wa daladala kama gunia la mkaa. Lakini saa moja asubuhi ni vita. Niliacha mabasi manne yapite. Tena kutoka nyumbani hadi kituoni kuna mchanga, mtaro usio na mfuniko, na bodaboda zimepaki kwenye mteremko wa viti vyetu.

Kwa hiyo gari usiuze. Jaribu basi siku huna haraka, saa nne hivi, watu wakishapungua. Na ofisini kwako omba nafasi yenye upana, kwa barua. Siku ya kuchora mistari uwepo, na futi ya fundi mkononi.