Kulima na kuhifadhi mwenyewe: inalipa?

Maswali ya wiki hii karibu yote yanauliza jambo moja: jasho hili lina faida?

Nimepanga chumba Mbagala, maji nanunua kwa ndoo. Nikipanda mboga kwenye viroba nitapata kitu?

Utapata, dada, ukipanda majani. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Sukuma wiki na matembele, ukichuma taratibu, yanakulisha kwa miezi. Nyanya ziache kwanza, zinataka maji mengi na magonjwa hayaziachi. Mwagilia maji uliyooshea mchele. Ya mtaroni usiyaguse.

Navuna gunia kumi za mahindi. Ikifika Desemba dumuzi wamemaliza nusu. Si bora niuze yote Juni? (Kahama)

Usiuze yote, kaka. Juni utauza kwa bei ya kutupa, Januari utanunua debe kwa bei ya kukuliza. Shamba lako halina kosa, kinachokuangusha ni ghala. Dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa hiyo pukuchua mapema, kisha anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo.

Kujua kama yamekauka, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, acha yatulie robo saa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, rudisha juani. Ikianguka yote chini, yafunge kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani ya kiroba. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na uwazuie panya, maana tundu moja tu linaharibu kazi yote. Mfuko unanunuliwa kwa pesa, lakini linganisha na zile gunia tano unazopoteza.

Mahindi mengine yameota ukungu. Nikiyaosha yanafaa kusaga?

Hapana, nakusihi. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haitoki kwa kuosha wala kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Usiyape kuku, usipikie pombe. Yafukie.

Jirani anasema mboga za kukausha ni chakula cha njaa. Kweli?

Si kweli, na inaniuma kusikia hivyo. Wasukuma wana nsansa, yaani majani ya mboga yaliyokaushwa, wana michembe na matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na huo ni ujuzi mkubwa. Majani ya kunde yakijaa wakati wa mvua, fungu huuzwa bei ya chini kabisa. Hapo ndipo pa kukausha. Chovya majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, chuja, tandaza kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huunguza vitamini A. Yakivunjika mkononi kama majani ya chai, yatie kwenye chombo chenye mfuniko. Kiangazi yaloweke, yaunge kwa karanga za kusaga, halafu mwite huyo jirani aje ale.