Kabla ya Kuvaa Bereti ya Bluu: Yaliyoikwamisha UNAMIR

Ukipangiwa misheni ya Umoja wa Mataifa, anza na makaratasi. Soma azimio la Baraza la Usalama, kisha sheria za matumizi ya nguvu, na uulize nani kaziidhinisha. Novemba 1993 Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Rwanda, alipeleka makao makuu ya Umoja huo, New York, rasimu ya sheria hizo za matumizi ya nguvu, ambayo aya yake ya 17 iliruhusu kutumia nguvu kuzuia uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hakupata jibu rasmi. Januari 11, 1994 alipoarifu kwamba ana habari za ghala la silaha na anataka kulivamia, alikatazwa. Kwa hiyo dai jibu la maandishi kabla hujaruka; ukishafika uwanjani kila mtu ana shughuli zake.

Azimio 872, lililounda UNAMIR, lilitoa askari 2,548, lakini idadi si nguvu. Magari ya deraya yalifika manane, yanayotembea matano tu. Siku ya kupokea gari, liwashe, liendeshe, zungusha mnara wa bunduki, kagua betri na matairi, fungua sanduku la vipuri. Hakikisha fundi wako anaisoma lugha ya kitabu cha gari. Maji, mafuta na risasi vipigie hesabu ya kuzingirwa, si ya doria ya kawaida.

Aprili 7, 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, askari 10 wa Ubelgiji wa UNAMIR waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana walizingirwa, wakapokonywa silaha na kuuawa Kambi ya Kigali, kambi ya jeshi la Rwanda. Kikosi cha dharura kilikuwapo kwa jina; kuwafikia hakikuweza. Usitume seksheni popote kabla hujajua nani ataifuata, kwa njia ipi ya pili, kwa masafa gani ya redio. Na kikosi hicho cha dharura kifanyishe zoezi usiku, bila taarifa.

Jambo zito zaidi ni geti la kambi. Raia wakishaingia, wanakutegemea wewe. Aprili 11 askari wa Ubelgiji waliondoka shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, jijini Kigali, wakiwaacha raia wapatao 2,000 waliokimbilia humo; wengi waliuawa. Siku 10 baadaye azimio 912 likapunguza kikosi hadi 270. Hata hivyo wachache waliobaki, Waghana wakiwemo, walilinda maelfu ya raia katika uwanja wa michezo wa Amahoro, Kigali. Basi amri ya kuondoka ikija, mjibu mkubwa wako kwa maandishi: raia wangapi wamo ndani, na nani yuko nje ya geti.