Kabla hujamwacha mtu ayeyushe betri uani kwako, soma hii

Jamani habari zenu. Hili jambo la sumu ya risasi kwa watoto nimekaa nalo zaidi ya mwaka mzima nikisita kuliandika, kwasababu linamhusu mjomba wangu na mi siyo mtu wa kumsema mjomba hadharani, lakini nilimfata mwenyewe nikamuomba ruhusa akaniambia andika, labda na wengine watapona. Kwaiyo naandika.

Tunakaa Mikindani, Mtwara, nyumba ya ukoo, uani kuna mwembe na jiko la nje. Mjomba ni mvuvi wa mshipi tangu ujana wake na chubwi zake, vile vizito vya kuzamisha mshipi, anatengeneza mwenyewe. Wa huku pwani mnajua inavyokuwa: unatafuta betri bovu la gari au la sola, unamwaga ile maji yake, unalipasua kwa shoka, unatoa zile sahani za ndani unaziweka kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa uliokolea, ikishayeyuka unachota unamimina kwenye kalibu. Hizo sahani ni za risasi, ile metali laini na nzito, na risasi inayeyuka upesi, nyuzijoto 327 tu, mkaa wa kawaida unatosha kabisa, ndo maana kila mtu anaweza. Na mapovu machafu yanayobaki juu, yale mavi ya risasi, yanakombwa na kutupwa pale pale chini ya mwembe. Watoto wetu wanacheza chini ya mwembe huo huo. Mi mwenyewe nimekulia hapo, nimeokota vile vipande vinavyong'aa nikachezea na wenzangu, hamna aliyewahi kutukataza maana hamna aliyejua.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu kasoro. Alianza kulalamika tumbo, siku nne tano hapati choo, akawa hataki kula, viganja vyeupe. Zahanati wakasema minyoo, akapewa dawa. Hakupona. Tukarudi wakasema damu imepungua, akapewa dawa ya kuongeza damu, akachangamka wiki mbili akarudi vilevile. Mwingine akasema taifodi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba maneno yake yalikuwa yanapungua, alishaanza kusema "bibi nataka maji" vizuri tu, mara akawa ananyoosha kidole. Bibi yake akasema kapigwa jicho, na mi sikubisha, tulihangaika huko pia.

Alikuja kutusaidia daktari mmoja Dar, tulipokwenda kwa dada yangu. Yule baba alimuangalia mtoto kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa kokote: nyumbani kwenu watu wazima wanafanya kazi gani, na inafanyikia wapi? Nikamwambia uvuvi. Akasema nielezee, nikaeleza, nikafika kwenye chubwi akaniambia simama hapo hapo. Damu ikachukuliwa ikaenda kupimwa risasi. Kumbe Shirika la Afya Duniani wanasema mtoto akikutwa na mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu inabidi chanzo kitafutwe na kiondolewe, na wanasema wazi kwamba hamna kiwango chochote cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Mwanangu alikuwa ameipita mbali ile 5. Hakufika 45, ambako ndo wanashauri mtoto apewe dawa maalum za kuvuta risasi itoke mwilini, kwaiyo tiba yake ilikuwa kumtoa kwenye ule uchafu na kumlisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma usiku kwenye simu, na vitu nilivyokutana navyo vilininyima usingizi.

Cha kwanza ni Senegal, sehemu inaitwa Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, nako ni ufukweni kama kwetu. Watu walikuwa wanapasua betri mtaani miaka mingi, mchanga ukajaa risasi, halafu mchanga wenyewe ukawa na bei, kinamama wakawa wanauchekecha na kuujaza kwenye magunia wanaingiza nayo majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Kumi na nane, mtaa mmoja! Walipopimwa ndugu zao na mama zao wakakutwa na risasi nyingi mno kwenye damu, na wengine walikuwa wanatembea tu kama wazima. Miaka miwili baadae, 2010, Zamfara kule Nigeria, wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wanasaga mawe majumbani na yale mawe yalikuwa na risasi ndani yake, wakafa watoto zaidi ya 400. Na hapa jirani Mombasa, Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya makazi, mama mmoja aliyekuwa anafanya kazi pale, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga akaugua asijue ni nini mpaka alipopimwa risasi, akaanza kupiga kelele mpaka kiwanda kikafungwa 2014. Niliposoma habari ya huyu mama nililia, kwasababu hata yeye hospitali walianza kumtafutia mtoto malaria na taifodi.

Utafiti mwingine ulionigusa ni wa Marekani. Daktari Herbert Needleman alitaka kujua risasi kidogo kidogo, ile isiyomlaza mtoto kitandani, inafanya nini. Damu haisemi ukweli wa zamani maana risasi kwenye damu inapungua nusu kwa kama mwezi hivi, ila kwenye mifupa na meno inakaa miaka na miaka. Kwaiyo akakusanya meno ya utoto ya wanafunzi wa shule, yale yanayong'oka yenyewe, akayapima. Sisi huku jino likitoka mtoto analirusha juu ya bati aletewe jipya, kumbe lile jino limeandika risasi aliyokula na kuvuta tangu azaliwe. Matokeo yalitoka 1979: watoto waliokuwa na risasi nyingi kwenye meno walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na walimu wao, bila kujua nani ana nini, waliwaandika kuwa hawatulii na hawasikilizi. Hawakuwa wagonjwa! Walionekana watoto wakorofi tu. Sasa fikiria ni watoto wangapi huku kwetu wanachapwa fimbo kwa uzito wa kichwa ambao hawakuuomba.

Narudi kwa mjomba, maana hapa ndo kwenye ushauri wenyewe. Kumwambia mtu mzima kwamba kazi iliyokulisha wewe ndo inamuumiza mjukuu wake siyo kitu chepesi. Nilisubiri jioni amemaliza kula, nikamwamkia, nikakaa mkekani, sikumlaumu hata kidogo, nikamsomea kile cheti cha mtoto. Akanijibu, "mpwa wangu, mbona mimi nayeyusha miaka 30 na niko hai?" Ni swali zuri na mtaulizwa wote, kwaiyo jibu muwe nalo tayari. Mtoto mdogo risasi aliyoimeza inaingia mwilini mara nne mpaka tano kuliko mtu mzima, ubongo wake bado unajengwa, na kila kitu kinaishia mdomoni. Na akiwa na upungufu wa madini chuma mwili wake unaidaka risasi zaidi. Halafu mtu mzima naye haponi, mjomba ana presha ya muda mrefu, siwezi kusema imetoka huko, ila risasi inapandisha presha na kuharibu figo, hilo limethibitishwa. Nikamwambia pia kuhusu mdogo wangu aliyekuwa mjamzito, kwamba risasi iliyojificha kwenye mifupa ya mama inatoka wakati wa mimba na kunyonyesha inamfata mtoto. Hapo akanyamaza muda mrefu.

Kama kwenu kuna hii kazi, la kwanza ni isifanyike nyumbani kabisa, siyo uani, siyo kibarazani, siyo nyuma ya choo. Kufukuza watoto wakati wa kuyeyusha haitoshi, maana tatizo kubwa siyo moshi wa saa moja, ni vumbi linalobaki miaka. Ile sufuria isirudi jikoni hata isuguliwe na mchanga namna gani, nimeshaona mtu anachemshia mihogo kwenye sufuria ya chubwi na roho ilinitoka. Betri likifa liuzwe zima zima kwa wanunuzi wa chakavu, msimwage maji yake ili kulipunguza uzito, ile ni tindikali na imebeba risasi ndani yake. Saivi kila kijiji kina betri za sola zimekufa zimesimamishwa kwenye kona ya chumba, hizo nazo ni hivo hivo. Na wavuvi, ile tabia ya kubana kirisasi kwenye mshipi kwa meno, tafadhalini acheni, tumieni koleo.

Kufagia vumbi kavu ni kulipeperusha tu, mwagia maji kwanza au deki na kitambaa kibichi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, siyo na nepi. Mikono kwa sabuni kabla ya kula, na hasa ya watoto. Pale chini ya mwembe tulichota udongo wa juu tukiwa tumeulowesha, ukafukiwa mbali na kisima, na pale ulipotoka tukamwaga zege juu. Kuanika vyombo tumehamishia upande wa pili, pale tumeweka benchi tu.

Chakula kinasaidia lakini msidanganyane. Kuna imani maziwa yanaosha sumu, hayaoshi. Ila mtoto mwenye kalsiamu na madini chuma ya kutosha anaidaka risasi kidogo, kwaiyo dagaa wanaoliwa na mifupa yao, kisamvu, mchicha, maharage, na chungwa au embe juu yake ili madini chuma yaingie vizuri. Asikae na njaa pia, tumbo tupu linavuta risasi zaidi. Hivi vyote huku kwetu vipo na havihitaji hela nyingi.

Kuhusu chubwi, mjomba alihangaika kidogo. Alijaribu nati kubwa za chuma, zinafanya kazi ila zinaota kutu. Alijaribu mawe ya kutoboa, yakawa yananasa kwenye matumbawe. Saivi anafinyanga udongo, anautoboa katikati na kuuchoma kwenye tanuri la jirani yetu anayetengeneza vyungu, anasema kwa tasi na changu wa maji mafupi zinatosha, ila kwenye mkondo mkali bado anaunga mbili.

Mwanangu amepimwa tena mara mbili, namba inashuka taratibu, mifupa inaachia kidogo kidogo. Maneno yamerudi ingawa siyo yote, daktari amesema tuendelee kumuongelesha sana na tusikate mguu kliniki. Ukiwa na mtoto wa tumbo lisiloisha na damu isiyopanda, ukifika kwa daktari usisubiri aulize, anza wewe mwenyewe kumwambia nyumbani kwenu kunafanyika kazi gani, na vitu vyake vinatupwa wapi.