Jibu: Sukari imegoma kupanda baada ya saa 24 (mabua ya mahindi)

Habari mkuu,

Umesema ulichemsha mabua kwa soda kaustiki 2%, ukasuuza mara 2, ukakausha kwenye oveni ya 105°C, kisha ukaweka selulasi (kimeng'enya kinachovunja nyuzi za mabua kuwa sukari) kwa 50°C. Sukari ikapanda siku ya kwanza, halafu ikagoma.

Anza na pH. Usipime bafa (maji ya kushikilia pH) peke yake, pima mchanganyiko wenyewe makapi (mabua uliyochemsha) yakiwa ndani, saa moja baada ya kuchanganya. Soda hubaki ndani ya nyuzi na kutoka polepole, kwa hiyo bafa ya pH 4.8 unaweza kuikuta imefika 6, na hapo selulasi nyingi za kuvu huzorota. Suuza hadi maji unayokamua yakaribie 7. Mara 2 ni chache mno.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni hiyo oveni. Nyuzi zikikaushwa hivyo, vinyweleo vyake (vitundu vidogo anamopita kimeng'enya) hujifunga na havifunguki vyote hata uloweke usiku kucha. Tumia makapi mabichi, yaani yaliyosuuzwa bila kukaushwa. Kausha kijiko kimoja tu ujue kiwango cha unyevu, upige hesabu ya uzito mkavu.

Bado imegoma? Ongeza beta-glukosidasi (kimeng'enya kinachovunja selobiosi, sukari ya glukosi mbili, kuwa glukosi) kwenye chupa moja, nyingine iache. Ikipanda ya kwanza pekee, selobiosi ndiyo iliyokuwa inaizuia selulasi. Weka na chupa ya kimeng'enya bila mabua, maana kimeng'enya cha maji mara nyingi huja na sukari yake (wengi husahau kuitoa kwenye hesabu).

Hukutaja makapi ni asilimia ngapi. Yakiwa 15% kwenye chupa ya kutikiswa, huo ni uji, haukorogeki.