Jibu: Wachezeshaji kuonekana licha ya nguo nyeusi

Dada, umeuliza kwa nini wachezesha makaragosi wako wanaonekana gizani ilhali wamevaa nyeusi tupu, katika onyesho la taa za urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho, unaofanya vitu fulani ving'ae). Anza na sabuni. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha nguo, na kemikali hiyo hutoa mwanga wa buluu ikipigwa na taa ya urujuanimno. Tafuta mahameli nyeusi, maana vinyweleo vyake humeza mwanga. Shona majoho, glavu na vifuniko vya uso, usivifue kwa sabuni hiyo, na kabla ya kupanda jukwaani ondoeni nyuzi kwa selotepu. Uzi mmoja mweupe huonekana kama nyota!

Taa za LED za urujuanimno zenye urefu wa wimbi wa nanomita 395 humwaga mwanga wa zambarau unaoonekana; za nanomita 365 ni bora zaidi. Zielekeze kutoka pembeni, zimulike ukanda mwembamba tu: karagosi ndani ya ukanda, mchezeshaji nyuma yake. Huko Prague, mji mkuu wa Ucheki, msanii Jiří Srnec alianzisha kundi lake la maigizo ya gizani mwaka 1961 kwa mbinu hiyohiyo ya ukanda wa mwanga.

Karagosi la sponji lipake nyeupe kwanza, ndipo rangi ya fluoresenti (inayong'aa ikipigwa na urujuanimno), kwani rangi hiyo ni nyepesi na peke yake hufifia.