Siku mbili Firenze na mama: acheni Pisa, wekeni nafasi mbili tu

Mkuu, umeuliza hivi: wewe na mama yako mnatoka Roma Jumanne asubuhi, mnalala Firenze usiku mmoja, Jumatano jioni mnarudi Roma. Mwone nini, na je, Pisa inaweza kuingia humohumo? Ukaongeza kwamba mama magoti yanamsumbua. Nakujibu kwa urefu kwa sababu safari kama hiyo niliifanya na mama yangu mzazi Oktoba 2024. Yeye alitoka Moshi kuja kunitembelea, mimi naishi Bologna, dakika kama arobaini kwa treni ya kasi.

Nianze na Pisa: msiende. Ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, bado kuingoja treni, bado mwendo wa kutoka stesheni hadi kwenye ule mnara ulioinama. Mtapiga picha, mtageuka, na nusu ya siku yenu ya pekee itakuwa imekwisha. Mama mwenye magoti mabovu atakumbuka treni tu.

Mara yangu ya kwanza Firenze nilikwenda Jumatatu. Sikuwa nimesoma popote kwamba makumbusho ya sanaa ya Uffizi na Accademia hufungwa Jumatatu, yote mawili. Nikakuta milango imefungwa, nikaamua kulipa hasara kwa miguu: kanisa hili, uwanja ule, daraja lile, kutoka asubuhi hadi giza. Niliporudi Bologna niliulizwa nimeona nini nikashindwa kueleza kitu kimoja kikaeleweka. Ndiyo maana nilipompeleka mama niliweka nafasi mbili tu, moja kila siku, yaliyobaki nikayaacha yatukute njiani. Nakushauri ufanye hivyohivyo. Ninyi mnafika Jumanne, hapo mko salama.

Nafasi zenyewe ni hizi: Uffizi Jumanne saa kumi alasiri, na Accademia Jumatano saa mbili na robo asubuhi, pale mlango unapofunguliwa. Kwenye tiketi zitaandikwa 16:00 na 8:15, msichanganye na saa zetu. Nunueni kwenye tovuti rasmi ya makumbusho yenyewe. Kuna kurasa nyingi za wauzaji wa kati zilizopambwa zikafanana na rasmi, na mimi niliwahi kulipa karibu mara mbili kwa moja ya hizo. Uffizi mwaka 2024 nililipa euro 25 kwa kila mtu na 4 za kuweka nafasi. Mkija na mtoto wa chini ya miaka 18, kiingilio chake ni bure.

Jumanne asubuhi treni ya kasi kutoka Roma Termini inachukua kama saa moja na nusu. Mshuke Firenze Santa Maria Novella, maana treni nyingine husimama Campo di Marte au Rifredi na wageni hushuka huko kwa makosa. Mizigo ipelekeni hotelini hata kama chumba hakijawa tayari. Kisha rudini kwenye kanisa lililo mbele ya stesheni, ambalo wengi hulipita mbio wakiwahi kule kwenye kuba kubwa la kanisa kuu. Linaitwa Santa Maria Novella kama stesheni yenyewe. Kuingia ni kwa tiketi, na panastahili.

Humo ndani, nyuma ya altare kuu, kuta zimechorwa na Domenico Ghirlandaio na mafundi wake kati ya 1485 na 1490. Tafuteni mchoro wa Mamajusi wanaomletea mtoto Yesu zawadi. Umeharibika sehemu, lakini mkitulia mtamwona twiga. Mama yangu ndiye aliyemwona kwanza, akanishika mkono: "Huyu kafikaje huku?" Kisa chake ni cha kweli. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, mkuu wa mji, zawadi za kila namna, na mojawapo ilikuwa twiga hai. Watu wa Firenze walijaa barabarani kumtazama. Hakuishi sana: inasimuliwa kwamba kichwa kilinasa kwenye boriti za zizi lake, shingo ikavunjika. Mama alikaa kwenye benchi akimhurumia yule mnyama, na mimi sikumharakisha.

Chakula cha mchana kipo karibu, Mercato Centrale, soko la chuma na vioo la mwaka 1874 katika mtaa wa San Lorenzo. Chini kuna mabucha na wauza mboga, na vibanda vinavyouza lampredotto. Hilo ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa taratibu na nyanya, kitunguu na seleri, linakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye supu yake, juu wanamwagia mchuzi wa kijani wa majani. Mtu aliyekulia kwenye supu ya utumbo hahitaji kufundishwa. Mama alimaliza wake akaniangalia mimi wangu. Alilalamikia mkate tu, kwamba hauna chumvi, na ni kweli: mkate wa mkoa huu wa Toscana huokwa bila chumvi tangu zamani. Kama mnakula halali, hilo la utumbo liacheni. Agizeni pappa al pomodoro, ambayo ni mkate uliopikwa na nyanya ukawa kama uji mzito, na muulize kwanza kama supu yake ina nyama.

Baada ya hapo mama alale. Nasema kwa dhati. Mawe ya barabara za Firenze ni mapana, magumu, yanapiga goti kuliko lami, na kati ya saa sita na saa tisa makundi ya watalii yanajaa kila njia. Mji ule ni wa asubuhi na jioni.

Uffizi ni neno la ofisi, na ndivyo lilivyokuwa: mjenzi Vasari alilianza mwaka 1560 kwa ajili ya maofisa wa mtawala Cosimo de' Medici. Ngazi zake ni ndefu. Ulizeni lifti mara tu mnapoingia, mseme mama hawezi kupanda, watawaelekeza. Huko juu msijaribu kuona vyumba vyote. Sisi tulianza na chumba chenye Mama Maria watatu wakubwa, wa wachoraji Cimabue, Duccio na Giotto, wote wameketi kwenye kiti cha enzi na mtoto. Simameni katikati mtazame mmoja baada ya mwingine. Wa Cimabue na wa Duccio wanaelea kama picha takatifu za zamani. Kwa Giotto magoti yanaonekana chini ya nguo, kifua kina uzito, kiti kina kina. Mama hakuwahi kusoma kitu chochote kuhusu uchoraji, akasema, "Huyu ndiye amekaa kweli." Vitabu vingi vinatumia kurasa nzima kufika hapo. Baada ya hapo michoro ya Botticelli, ambako watu wamejazana na simu juu, kisha tukaketi dirishani tukitazama mto Arno, tukatoka.

Kitu kimoja mwambie mama mkiwa humo. Hazina ile yote ingeweza kutawanyika. Ukoo wa Medici ulipokuwa unakwisha, wa mwisho wao, mwanamke aitwaye Anna Maria Luisa, alifunga mkataba mwaka 1737 kwamba michoro, sanamu, vitabu na vito vya familia vibaki kwa dola ya Toscana na visiondolewe Firenze kamwe. Mimi naulinganisha na wakfu. Watawala wapya walikuwa wageni, wangeweza kupakia kila kitu kwenye mikokoteni. Kila ninapopanda zile ngazi namkumbuka mama huyo kuliko Lorenzo anayesifiwa kila mahali.

Mkitoka saa kumi na mbili na nusu, Ponte Vecchio iko hatua chache. Daraja hili ni la mwaka 1345. Maduka yake yalikuwa ya wachinjaji hadi 1593, mtawala Ferdinando wa Kwanza alipochoshwa na harufu akawaondoa na kuwaweka masonara, ambao wapo mpaka leo. Agosti 1944 jeshi la Kijerumani lililokuwa linarudi nyuma lililipua madaraja mengine yote ya mjini, hili likabaki. Ila msisimame juu yake kungoja jua lizame. Nendeni daraja linalofuata, Santa Trinita, mkaitazame kutoka pale. Santa Trinita yenyewe ilijengwa upya baada ya vita, kwa mawe mengi yaliyotolewa mtoni.

Jumatano asubuhi Accademia, nako ni kwa ajili ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Najua wengine watakwambia nakala ya nje pale Piazza della Signoria inatosha. Mimi nasema haitoshi. Jiwe lile lilikwishaanzwa na fundi mwingine likaachwa likinyeshewa miaka mingi, Michelangelo akalichukua mwaka 1501 akiwa na miaka 26, akamaliza 1504. Urefu ni zaidi ya mita tano, lakini kilichonishika ni mkono wa kulia ulioning'inia, mishipa imetuna kama ya mtu anayesubiri. Kabla ya kumfikia, ukumbini kuna sanamu zake nyingine alizoziacha nusu, watu waliokwama ndani ya mawe, alama za patasi zinaonekana. Upeni muda ukumbi huo. Saa mbili na robo mnaweza kuwa na nafasi ya kupumua. Saa tano hamna.

Dakika chache kutoka hapo ni San Marco, iliyokuwa nyumba ya watawa wa Dominiko. Hufungwa mapema, kabla ya saa nane mchana. Mtawa mchoraji Fra Angelico na wasaidizi wake walichora mchoro kwenye kila chumba kidogo cha kulala, na ule wa malaika anayempasha Maria habari unakupokea mwisho wa ngazi. Kwangu mimi ndipo mahali patulivu kuliko pote katikati ya mji. Ngazi ni moja tu, tulipanda polepole.

Kuba la kanisa kuu nililipanda mwenyewe miaka ya nyuma: ngazi 463, njia nyembamba, lifti hakuna, na lazima uwe na nafasi ya saa maalumu. Kwa mama haiwezekani. Tulichofanya ni kwenda upande wa kusini wa kanisa, ilipo sanamu ya Filippo Brunelleschi ameketi, ameinua uso kulitazama kuba lake, nasi tukakaa karibu naye. Nikamsimulia mama kwamba kanisa lilikaa miaka mingi na tundu la upana wa mita zaidi ya 40 juu, hakuna aliyejua namna ya kuliziba, kwa sababu mbao za kushikilia tao kubwa hivyo zisingepatikana. Brunelleschi akajenga kuanzia 1420 hadi 1436 makuba mawili, moja ndani ya jingine, matofali yakipangwa kama mifupa ya samaki ili kila mstari ujishike wenyewe bila kuegemea chochote kutoka chini. Vifaa vilipandishwa na mashine iliyozungushwa na ng'ombe. Mdogo wangu ni fundi mwashi, kwa hiyo mama aliuliza maswali mengi hapo kuliko Uffizi. Ndani ya kanisa kuingia ni bure, foleni ndefu, na ndani kwenyewe ni kutupu, tuliacha. Mama awe na khanga kwenye mkoba popote mwendapo, mabega wazi hayaruhusiwi makanisani.

Alasiri panda basi la mjini hadi Piazzale Michelangelo, mji wote utakuwa chini yenu. Kisha endeleeni juu kidogo hadi San Miniato al Monte, kanisa lililoanzwa mwaka 1018. Kuna mwinuko na ngazi, hapo chukueni teksi ikiwa goti limegoma. Sisi tulichukua na sijutii. Watawa wake huimba sala ya jioni kwa Kilatini. Mama alibatizwa na kukua wakati misa bado inasomwa hivyo, na walipoanza kuimba midomo yake ilifuata maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyatamka maisha yangu yote. Kwa hiyo treni ya kurudi Roma msikate ya saa kumi na moja, kateni ya saa mbili usiku au baada yake.

Tahadhari mbili za barabarani: msikanyage picha zilizotandazwa chini karibu na viwanja, mtadaiwa mlipe, na msinunue mikoba ya nembo za bandia, kwa sheria za Italia hata mnunuzi hutozwa faini. Kahawa kunyweni mmesimama kaunta, mkiketi bei inapanda, ila mama mketisheni, gharama hiyo lipa. Na choo cha mgahawa ndicho choo chenu.

Saa ya sala ya San Miniato hubadilika kwa majira. Ukishapata tarehe iandike hapa, niwaulizie.